Malagarasi kwa Miguu: Jua, Radi, Ukungu na Mvua

Ukiwa ndani ya basi, daraja la Malagarasi halimalizi hata dakika moja. Mlio wa tairi unabadilika, aliyekaa dirishani anaona maji, halafu miti inarudi. Nimelipita hivyo miaka yote ninayokwenda Kigoma kwa dada yangu, safari nyingine nikiwa usingizini kabisa, na jambo hilo lilikuwa linaniuma. Huu ndio mto wenye bonde kubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Tanganyika. Haifai mtu kuupita macho yamefumba.

Nilipopata likizo Novemba niliamua kushuka. Nilichagua mwezi huo kwa sababu kule jua la kiangazi linakuwa halijaondoka na mvua haijakomaa, hivyo ndani ya siku chache unaweza kupata hali ya hewa ya kila namna. Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi Tabora, kwa msaada wa daftari nililokuwa nalijaza kila jioni na picha za simu, ambazo kila moja ina tarehe na saa yake.

Jumatano, 6 Novemba. Tabora hadi Nguruka

Basi liliondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mpaka Nguruka nililipa shilingi 15,000. Njia ya Urambo ilikuwa kavu, vumbi jekundu pembeni ya lami, na mashamba ya tumbaku yameshapigwa matuta. Wakulima walikuwa wanasubiri mvua tu wahamishe miche kutoka kitaluni. Kila aliyepanda njiani alikuwa anazungumzia mawingu: kwao imenyesha, kwetu bado, kule Sikonge wameshapanda.

Urambo ndiko kwa Mtemi Mirambo. Mwaka 1871 vita vyake na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, wasafiri wakalazimika kuzunguka kusini. Nalitaja hapa kwa sababu litatufaa tukifika mtoni.

Kaliua, mahali reli inapogawanyika, moja ya Mpanda na nyingine ya Kigoma, tairi la nyuma lilipasuka. Tulikaa chini ya mwembe saa moja na nusu. Mama mmoja aliyekuwa anarejea Kasulu akafungua ndoo yake ya karanga za kuchemsha, karanga ambazo bila shaka alikuwa anawapelekea watu wa nyumbani, akaanza kutugawia viganja viganja. Dereva na utingo wake, waliokuwa chini ya gari wakihangaika na jeki, aliwapelekea za kwao kwenye kifuniko. Hakuna aliyemwomba. Tulipomshukuru alisema tu kwamba watoto wakila wao na sisi tukala, zote zimeliwa.

Kutoka hapo ni msitu wa miombo na mizinga ya nyuki juu ya miti, mwendo mrefu usio na cha kusimulia. Nguruka tulifika saa tisa alasiri.

Nguruka ni mji wa samaki. Kando ya stesheni na kando ya barabara kuna kambale waliobanikwa kwa moshi, wamekunjwa duara mkia umeingizwa mdomoni, na perege wa kukaanga wamepangwa kwenye sinia. Nilikula ugali na perege kwa shilingi 4,000, na pilipili ya kukamua juu. Chumba nilipata kwa 15,000, safi, chandarua kizima, maji ya kuoga kwenye ndoo.

Kwa atakayefuata: lala Nguruka, usitegemee kupata nyumba ya wageni darajani. Toa pesa zako kwa wakala wa simu jioni hiyo hiyo, tena katika noti ndogo ndogo, kwa sababu mbele huko chenji ya elfu kumi ni mtihani. Chaji simu usiku, na beba lita mbili za maji.

Alhamisi, 7 Novemba. Jua

Bodaboda alinipeleka kwa shilingi 10,000. Kijana mstaarabu, alinipa kofia ngumu bila kuombwa. Kabla ya jambo lolote nilimwomba anifikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu anayezunguka peke yake darajani na simu mkononi anapiga picha ni haki yake kuulizwa, na ni heshima kujitambulisha kabla hujaulizwa. Mwenyekiti alinisikiliza, akaandika jina langu kwenye daftari, akaniambia neno moja la msingi: "Daraja tembea utakavyo, dada. Ukingoni usishuke peke yako. Mamba wapo."

Nilianza kuvuka saa saba mchana, jua limesimama utosini. Hili linaitwa Daraja la Kikwete, kwa jina la Rais wa Awamu ya Nne, na lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ni dakika chache tu ncha hadi ncha, lakini mchana ule dakika zilikuwa ndefu. Joto lilikuwa linakuja kutoka juu na kutoka chini. Nilishika chuma cha ukingo nikakiachia mara moja. Lami ya mbele ilionekana kama imemwagiwa maji, ukisogea yanakimbia.

Mto ulikuwa umepungua. Katikati kulikuwa na visiwa vya mchanga, na ndege weupe wamesimama mguu mmoja. Kando, mafunjo na matete yalikuwa mabichi kabisa wakati nchi nzima juu yake ilikuwa ya rangi ya majani makavu. Maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yanatembea taratibu. Nilisimama upande wa juu wa mto nikafikiria kwamba sehemu ya maji yale inatoka kwetu, maana mto Igombe, uliozibwa kutengeneza bwawa letu la Tabora, unaishia katika bonde hili hili. Watu wa Tabora tumekunywa maji ya Malagarasi miaka yote bila kuwaza kuwa ni ndugu yake.

Lori la mizigo lilipopita nilihisi sakafu yote ikitetemeka miguuni. Mara ya kwanza inashtua. Daraja lazima licheze kidogo likibebeshwa mzigo, tena mafundi huacha mianya kwenye maungio ya sakafu ili zege lipate mahali pa kutanukia kwenye joto na kunywea kwenye baridi. Lisilocheza ndilo la kuogopa. Ukikanyaga maungio yale gari linapopita, unasikia mlio wake wazi, ta-ta, ta-ta-ta, na unaweza kujua gari lina ekseli ngapi hata ukiwa umeligeuzia mgongo.

Katikati nilikutana na bibi amebeba mzigo wa kuni kichwani. Nikampisha upande wa ukingo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umepotelewa na nini, mbona unachungulia majini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alishusha mzigo, nikamsaidia, akakaa juu yake, tukanywa maji yangu. Akasema zamani masika yakishika, barabara ya huku ilikuwa inakatika, magari yanalala upande mmoja na wagonjwa upande mwingine. "Sasa navuka na kuni zangu mara mbili kwa siku. Magari yanasema daraja ni lao. Nami ni langu."

Maneno hayo nimeyaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Katika muda niliokaa, waliovuka kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa wengi kuliko nilivyodhani nikiwa dirishani mwa basi: kina mama na kuni, wanafunzi wenye viatu mkononi, mzee na mbuzi wawili, kijana na kitanda cha kamba mgongoni. Kwa hawa, daraja ndiyo njia ya kila siku ya kwenda shamba na dukani. Madereva wapunguze mwendo pale. Mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuka ghafla kuangalia nyuma.

Na zamani kabisa, kuvuka mto huu kulikuwa na bei. Watawala wa Uvinza ndio walioshika vivuko, na msafara uliotaka kupita ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, ya vitambaa na shanga kabla mtumbwi haujaondoka. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa walipokwenda Ujiji mwaka 1858. Stanley, mwandishi wa habari wa Kizungu, ambaye vita vya Mirambo vilikuwa vimemfungia njia, alifika mto huu mwaka 1871 kwa kuzungukia kusini, akabishana na wenyeji juu ya malipo, na wakati wa kuvusha wanyama mamba akamkamata punda wake mmoja akazama naye. Vitabu vinataja sana majina ya hao wageni. Mimi pale juu ya zege nilikuwa nawawaza wapagazi, Wanyamwezi wenzangu, wenye mzigo begani na maji yanawafika kiunoni.

Ijumaa, 8 Novemba. Upepo na radi

Asubuhi palikuwa pamejaa joto la kunata, hakuna jani linalotikisika. Wavuvi wawili walikuwa wanatengeneza nyavu chini ya mti karibu na barabara, na mkubwa wao alitazama juu mara moja akasema leo itanyesha kabla ya magharibi. Nilinunua kwake perege watatu wabichi kwa 3,000 nikamwachia mama wa jirani anipikie, yeye na watoto wake tule pamoja. Ndivyo nilivyofahamiana na ile nyumba.

Saa kumi jioni nilikuwa darajani tena. Upande wa juu wa mto wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini na jeupe juu, na chini yake pazia la mvua lilikuwa limeshagusa miti ya mbali. Kisha upepo ukaja wote kwa pamoja. Mafunjo yalilala upande mmoja, yakaonyesha migongo yao myeupe. Vumbi la barabarani likaingia darajani likanichoma macho. Kanga yangu ikajaa upepo ikanivuta kuelekea ukingo. Maji, ambayo jana yalikuwa yanatembea kushuka, yalionekana yanarudi yalikotoka, kwa jinsi mawimbi madogo yalivyokuwa yanakimbia kinyume. Ndege wote waliondoka visiwani kwa mkupuo mmoja.

Nilikuwa napiga picha. Yule mvuvi mkubwa akapiga mluzi kutoka ng'ambo, akapunga mikono yote miwili: "Dada! Toka darajani! Toka!"

Nikatoka mbio. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi, yanagonga lami yanaruka. Radi ya kwanza ilipiga wakati naingia uani kwa yule mama, na watoto wakaniburuta ndani kwa mikono.

Kwa atakayefuata, hili lizingatie kuliko yote: wakati wa radi, daraja si mahali pa kukaa. Ni zege na chuma katikati ya uwazi, na wewe ndiye uliyeinuka kuliko vyote. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Mwanga ule niliouona mlangoni haukunipa hata nafasi ya kuhesabu moja. Usijifiche chini ya mti mkubwa pia. Ingia kwenye nyumba, au kwenye gari lililofungwa vioo.

Ilinyesha mpaka saa mbili usiku. Bati lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti, kisha tukaacha tukasikiliza. Mama alisukuma beseni chini ya panapovuja, akachochea moto, akanipa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Perege wetu walikuwa wameungwa kwa mawese na nyanya. Sijawahi kula samaki wa namna ile katika hoteli yoyote.

Bodaboda alipiga simu: njia ya kutoka kwao imejaa maji, haji. Kabla sijasema lolote mama alikuwa ameshamwambia binti yake mkubwa atandike. Nililala na mabinti wawili kitanda kimoja, chini ya chandarua kimoja, tumejifunika kitenge. Asubuhi nilipotaka kutoa pesa, baba wa nyumba, ambaye usiku alikuwa hasemi sana, alikataa kwa upole: "Mgeni wa mvua halipi. Angetuletea nani, kama si Mungu?"

Jumamosi, 9 Novemba. Ukungu

Niliamka saa kumi na moja na nusu kwa ubaridi. Mlango ulipofunguliwa hapakuwa na barabara. Hapakuwa na mto wala daraja. Baada ya mvua, ardhi ikiwa imelowa na mbingu zimetakata usiku, hewa inapoa kuliko maji, na mvuke wa mto unageuka ukungu juu yake. Kadiri jua linavyopanda unayeyuka. Hiyo ndiyo sababu ya kuamka mapema. Saa mbili kamili unakuwa umekwisha.

Binti mkubwa alikuwa anakwenda kwa shangazi yake ng'ambo, akasema twende wote. Alijifunga khanga nyeupe mabegani, juu ya sweta, akanipa na mimi kitambaa cheupe. Kila mtu anayevuka alfajiri pale hufanya hivyo, alisema, ili dereva amwone. Tulitembea upande wa kulia, tukiyatazama magari yanayotujia, kwa mstari, yeye mbele.

Katika ukungu, daraja unalisikia zaidi ya kuliona. Nguzo za ukingo zilikuwa zinajitokeza moja baada ya nyingine, tatu mbele, tatu nyuma, basi. Chini, pasipoonekana, kiboko alikoroma, mkoromo mzito wenye kicheko ndani yake, na binti akasema yule yuko mbali, wa karibu hutamsikia anakoroma, utasikia maji. Mtumbwi ulipita chini yetu. Tulisikia pondo likigonga ubavu na watu wawili wakizungumza Kiha kwa sauti ya chini, lakini hatukuona kitu. Maungio ya daraja yalipiga ta-ta mbele yetu, na ndipo taa mbili za njano zikatokea, basi la Tabora, likapita taratibu huku dereva akipiga honi fupi fupi. Namshukuru dereva yule kwa mwendo wake ule.

Ng'ambo tuliwakuta watu wanaosubiri usafiri, wamejikunyata. "Mwakeye!" binti aliwasalimu wote kwa pamoja, wakaitika, na mimi nikaitika pamoja nao.

Ukungu ulipoanza kupasuka nilitazama maji kwa hamu, nikitegemea kuona mto umejaa. Haukuwa umejaa. Visiwa vya mchanga vilikuwa palepale, vimelowa tu. Nilimuuliza mzee mmoja pale kituoni, nikimwamkia kwanza.

"Mvua ya jana ni ya mahindi," alinijibu. "Mto huu una mlango wake wa juu. Maji yanaingia kwenye mbuga, yanalala, yanakaa. Sisi tukishavuna ndipo yanafika."

Ndivyo ilivyo. Juu ya daraja kuna ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa ya kwanza Tanzania kuingia humo. Mabwawa, mafunjo na mbuga zake huyapokea maji ya Malagarasi, Muyovozi na Igombe, huyatawanya na kuyaachia kidogo kidogo. Kwa hiyo mto unapanda polepole miezi kadhaa, na kilele chake hufika mwisho wa masika, mvua zenyewe zikiwa zinaaga. Mafunjo yale wengine huyaona ni pori la kuchoma moto. Yakiondoka, mvua ya siku moja itafika darajani siku hiyo hiyo, pamoja na udongo wa mashamba, na watakaolia kwanza ni wenye nyumba za kando ya mto, ikiwemo ile niliyolala.

Saa nne nilipata nafasi kwenye basi la Kigoma, shilingi 12,000. Kati ya Malagarasi na Uvinza ni kilomita 51, vilima na miombo. Uvinza nilishuka dakika kumi za chai, chapati mbili na chai kwa 1,500, nikanunua mfuko wa chumvi ya hapo hapo. Chemchemi za maji chumvi za karibu na mto Ruchugi zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara iliyolipa hongo mtoni ilikuwa inaondoka pia na chumvi hii. Baada ya Kazuramimba michikichi inaanza, na mawese yanauzwa kwenye madumu ya njano kando ya barabara.

Jumapili, 10 Novemba. Kigoma

Kwa dada. Kanisani, mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, usingizi mrefu.

Jumatatu, 11 Novemba. Ilagala, mto bila daraja

Shemeji ndiye aliyenipa wazo. Alisema kama unataka kujua thamani ya daraja, nenda ukauone mto uleule mahali usipo na daraja. Huko chini, kabla haujaingia ziwani, Malagarasi unavukwa kwa kivuko, kati ya Ilagala na Kajeje.

Nilipanda haisi asubuhi, shilingi 5,000, kwa njia ya Simbo. Tulibanwa wanne kiti cha watatu, kuku miguuni, na mvua ya rasharasha ikaanza tukiwa njiani, ile isiyo na radi wala upepo, inayolowesha kimya kimya. Utelezi ulianza mara moja. Abiria walishuka kilimani gari lipande tupu, kisha likatusubiri juu. Kijana mmoja alinishika mkono mahali pa tope, akanibebea na begi, kisha akakaa zake wala hakutaka mazungumzo.

Pale kivukoni kivuko kilikuwa ng'ambo. Tukasubiri. Hapa mto ni mpana, mzito, rangi yake ya udongo, umeshakusanya kila kitu kutoka Burundi mpaka Uvinza. Watu walikaa chini ya vibanda vya nyasi, kila mmoja na sababu yake: magunia ya muhogo mkavu, madumu ya mawese, mama mjamzito na mama mkwe wake wanaokwenda kliniki, mwalimu mwenye mitihani ndani ya mfuko wa nailoni aliokuwa ameukumbatia chini ya koti. Mvua ikiongezeka kila mtu anasogea ndani hatua moja. Nilitazama saa: tulikaa saa moja na dakika ishirini, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Muuza kahawa alipita na birika na vikombe vidogo, mia mbili kikombe, akampa yule mama mjamzito bila kupokea chake.

Kivuko kilipofika, magari kwanza, kisha sisi. Nilitoa noti ya elfu moja nikarudishiwa sehemu kubwa. Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo sana. Kuvuka kwenyewe hakukuchukua muda, injini ikinguruma, mvua ikichora duara ndogo ndogo juu ya maji. Wafanyakazi wake walikuwa makini, walitutaka tusimame mbali na lango, na walimpatia mzee mmoja kiti chao wenyewe. Lakini katika dakika zile nilielewa kile bibi wa kuni alichoniambia. Yeye huvuka anapotaka. Huku mtu huvuka chombo kikiwapo, mafuta yakiwapo, mto ukikubali.

Kwa atakayefuata: nenda Ilagala asubuhi mapema na urudi kabla ya saa tisa, usafiri wa jioni hauna uhakika mvua ikinyesha. Vaa viatu vya mpira. Ukisubiri, kaa na watu kibandani, usisimame kando ya maji hata ukiona watoto wanasimama.

Jumanne, 12 Novemba

Soko la Kigoma: dumu la lita tano la mawese, na kilo mbili za dagaa. Sitaji bei kwa sababu hubadilika kwa wiki. Dagaa hupanda mwezi ukiwa mkubwa, kwa kuwa wavuvi huvua kwa taa na mbalamwezi hutawanya samaki.

Jumatano, 13 Novemba. Mvua ya kutwa

Basi la alfajiri. Nilimweleza kondakta mapema kwamba nashuka darajani, upande wa Uvinza, akakubali, akanikumbusha mwenyewe tulipokaribia.

Ilikuwa inanyesha tangu Kazuramimba, mvua ya kutulia, ya mchana kutwa. Nilifungua mwavuli nikaanza kuvuka, dumu mkono wa kushoto, mfuko wa dagaa kichwani umefungwa kwa nailoni, kwa hiyo safari hii nami nilikuwa mtu mwenye mzigo, nisiyeweza kugeuka. Maji yalikuwa yanakimbia kando ya sakafu hadi kwenye matundu yake na kumwagika mtoni kwa michirizi mirefu iliyopangika. Zege lilikuwa limebadilika rangi, limekuwa jeusi. Hapakuwa na upepo, na mto ulikuwa na sauti moja tu, ya matone yake. Lori lililotoka nyuma lilipunguza mwendo mpaka likawa linatambaa, likapita bila kunirushia tone. Nikamwinulia dereva mwavuli.

Wanafunzi watatu walinipita wakikimbia, mabegi yamegeuzwa vifuani. Mmoja akarudi, akachukua dumu langu bila neno, akalibeba mpaka mwisho wa daraja, akaliweka chini na kuwafuata wenzake.

Nyumbani kwa wale wenyeji wangu mama alikuwa jikoni. Mawese aliyapokea kwa mikono miwili, akayanusa, akasema haya ni ya Kigoma kweli. Baba alinipeleka mpaka mahali tunapoweza kuuona mto bila kushuka ukingoni, akanionyesha kisiwa cha mchanga kilichokuwa na ndege Alhamisi. Kilikuwa kimepungua upande mmoja, upana wa hatua chache. "Umeanza," alisema. "Njoo Aprili, utafute kisiwa hiki. Utakiona wapi?"

Nimeshaomba ruhusa kazini ya wiki ya mwisho ya Aprili. Mama aliniagiza asali, si ya dukani, ya msituni, na nimeshampa pesa mtu wa Sikonge aniwekee lita tatu. Nguruka hadi Tabora siku hiyo nilipata basi la saa tisa, nauli 15,000 kama ya kwenda, na tairi zote zilikuwa nzima.